UZI: Namna ya kupima chenga na ubora wa picha kwenye mwanga hafifu kabla hujanunua kamera

#1 Kadi ya Kijivu

Wakuu, salaam.

Swali linalorudi sana humu ni "kamera gani haina chenga usiku" (chenga ni zile punje na mabaka yanayochafua picha), na kinacholetwa kama ushahidi ni picha mbili zilizopigwa kumbi tofauti, taa tofauti, moja JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera na nyingine imeshapita kwenye programu. Hapo hakuna cha kulinganisha. Naweka utaratibu ambao mtu yeyote mwenye stendi na taa moja ataumudu. Wenye ujuzi mwongezee.

Tuanze na chanzo. Sehemu kubwa ya chenga haitoki kwenye kamera, imo ndani ya mwanga wenyewe. Mwanga unafika kwenye sensa kwa chembechembe, na chembe hizo haziji kwa mpangilio. Pikseli ikikusanya elektroni 10,000, mtikisiko wake ni kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani 100. Hiyo ni asilimia 1, jicho halishtuki. Ikikusanya elektroni 100, mtikisiko ni 10, sawa na asilimia 10, na hapo chenga zinaonekana waziwazi. Kamera inaongeza za kwake wakati wa kusoma sensa, kwa kawaida elektroni chache tu kwa pikseli, ila kwenye vivuli vizito hizo chache zina uzito. Pikseli yenye elektroni 9 ina mtikisiko wa 3 kutoka kwenye mwanga. Kamera ikiongeza 3 zake, jumla inakuwa kama 4.2, karibu nusu ya ishara yote. Ndiyo maana chenga mbaya ziko kwenye nywele, suti nyeusi na kona za ukumbi.

Kwa hiyo ISO, ile namba ya kukuza mwangaza wa picha, peke yake haizalishi chenga. Inakuza kile ambacho tayari kimekusanywa. Ukiipandisha, kamera inafupisha shata (muda wa kupokea mwanga) au inabana tundu la lenzi, mwanga unaoingia unapungua, na chenga zinafuata huko. Mnapolinganisha kamera mbili, kinachopaswa kuwa sawa ni mwanga ulioingia: taa ileile, tundu lilelile, shata ileile. Namba ya ISO isiwatawale, kwa sababu kiwango cha ISO 12232 kinampa mtengenezaji njia zaidi ya moja ya kuipanga. Kamera mbili zilizoandikwa 6400 zinaweza kutoa picha zenye mwangaza tofauti kwa tundu na shata zilezile.

Vitu vya kuweka mezani:
- kanga yenye maandishi, iliyonyooshwa vizuri
- kitambaa cheusi chenye nyuzi zinazoonekana, au wigi jeusi
- ukurasa wa gazeti
- kadi ya kijivu ya asilimia 18 (inaakisi asilimia 18 ya mwanga)
- uso wa mtu, kama yupo wa kukaa kimya

Taa moja ya LED ya nyumbani, ielekezwe ukutani ili mwanga urudi ukiwa laini. Kamera kwenye stendi, hali ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), kipima muda cha sekunde 2, kitulizi cha lenzi kizimwe. Fokasi ifanywe kwa mkono ukiwa umekuza picha kwenye skrini, kwa sababu fokasi ikikosea kidogo utadhani sensa ndiyo mbovu.

Shata ibaki 1/50 muda wote. Kisha:
- f/2.8, ISO 1600
- f/4, ISO 3200
- f/5.6, ISO 6400
- f/8, ISO 12800

Nabadilisha tundu (namba ya f ikipanda, tundu linabana) na kuiacha shata kwa makusudi. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukienda shata ya 1/200 fremu moja itakuwa na mwanga na inayofuata itakuwa na giza. Utakuwa unapima taa badala ya kamera.

Piga RAW (faili ghafi ya sensa) pamoja na JPEG, fremu mbili kwa kila hatua. Ya pili ina kazi yake, tutafika.

#2 shela_na_suti

Asante mkuu, uzi umekuja wakati wake. Swali: kwenye JPEG kamera A imetoka safi kabisa kwa ISO 6400, kamera B ina chenga. Kwenye RAW zinakaribia kulingana. Niamini ipi?

#3 Mama Lenzi

Dada, amini RAW kwa kupima sensa, na JPEG ipime peke yake kama kazi yako ni kumkabidhi mteja picha usiku uleule.

Kamera A imekufutia chenga na pengine imefuta na nyuzi za kitambaa. Angalia ile kanga. Sehemu zenye rangi moja haziambii kitu, nenda kwenye ukingo wa herufi na kwenye vidoti vidogo vya pindo. Kamera inayosugua sana inaacha herufi kubwa zikiwa kali lakini vidoti vinaungana, na nyuzi za kitambaa cheusi zinageuka bapa moja kama rangi ya maji. Kwenye uso, tafuta nyusi na vinyweleo vya pembeni mwa paji. Vikipotea huku ngozi imekuwa kama plastiki, huo usafi umelipwa kwa ubora.

Tenganisheni aina mbili. Chenga za mwangaza ni punje za kijivu, na picha ikichapishwa nyingi hazionekani. Chenga za rangi ni mabaka ya zambarau na kijani kwenye vivuli, na hizo zinaharibu ngozi hata ukichapisha ndogo. Nikipewa kamera mbili, nachukua yenye punje nyingi za kijivu kuliko yenye mabaka machache ya rangi.

Kabla ya kupiga JPEG za jaribio, ingieni kwenye menyu:
- Upunguzaji wa chenga wa ISO za juu: zima, au weka chini kabisa. Kamera nyingine hata ukizima bado zinasugua kidogo ISO ikipanda sana.
- Active D-Lighting kwa Nikon, Auto Lighting Optimizer kwa Canon, DRO kwa Sony: zima. Hizi zinainua vivuli, na chenga zinainuka navyo.
- Highlight Tone Priority ya Canon: zima. Inapiga kwa mwanga pungufu wa stopu moja (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu) kisha inafidia, kwa hiyo vivuli vinapata nusu ya mwanga wake.
- Ukali wa picha: chini. Ukali unachonga punje pamoja na picha.

Na wenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, msiseme "RAW haijaguswa". Ikifungua faili kwa mipangilio yake ya kawaida, ukali uko 40 na upunguzaji wa chenga za rangi uko 25. Mkitaka faili tupu bila gharama, chukueni programu ya RawTherapee, chagueni wasifu wa Neutral. Haupunguzi chenga wala hauongezi ukali.

#4 Pikseli Kubwa

Mnazunguka sana. Kanuni ni moja: megapikseli nyingi, chenga nyingi. Sony A7S III ina 12 tu, ndiyo maana inaona gizani. Kamera ya 45 kwenye asilimia 100 usiku ni aibu.

#5 Kadi ya Kijivu

Mkuu Pikseli Kubwa, hapa sikubaliani, na kosa liko kwenye hayo maneno "asilimia 100".

A7S III inatoa picha ya pikseli 4240 kwa 2832. Nikon D850, ya megapikseli 45, inatoa 8256 kwa 5504. Ukizifungua zote kwa asilimia 100 (pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini), ile ya Nikon umeikuza karibu mara mbili kila upande. Ni sawa na kulinganisha chapa mbili zenye ukubwa tofauti, halafu unalaumu ile kubwa.

Zipunguzeni zote zifikie ukubwa mmoja. Ukishusha picha kwa nusu kila upande, kila pikseli mpya ni wastani wa pikseli nne za zamani, na chenga zinashuka kwa nusu. Ndiyo maana DxOMark, wapimaji wa kamera, kwenye matokeo yao ya chapa wanashusha kila kamera hadi megapikseli 8, ukubwa wa chapa ya inchi 8 kwa 12 kwa nukta 300. Hiyo inchi 8 kwa 12 ni saizi ambayo wateja wa albamu wanaifahamu, kwa hiyo ni kipimo kizuri hata kwetu: picha zote ziwe pikseli 3600 kwa 2400, kisha ndipo zitazamwe kwa asilimia 100.

Ukilinganisha hivyo, sensa mbili za fulu fremu za kizazi kimoja zinakaribiana sana hadi ISO 6400 na zaidi. Pikseli kubwa inaanza kushinda kwenye giza kweli, ISO 25600 kwenda juu, kwa sababu ya zile elektroni za kusoma. Pikseli nne zenye mtikisiko wa 2 kila moja zinaungana kuwa 4, wakati pikseli moja kubwa yenye mtikisiko huohuo inabaki na 2. Halafu kwenye video 12 ina faida nyingine, sensa inasomwa haraka. Lakini kwa picha za ukumbini hiyo si sababu ya kuikimbia 24 au 45.

#6 Pikseli Kubwa

Sawa, hoja ya kushusha ukubwa naielewa. Basi kinachoamua ni nini, ukubwa wa sensa?

#7 Stopu Tatu

Eneo la sensa, ndiyo, kwa sharti la tundu lilelile na upana uleule wa picha. Hesabu:

Fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, eneo 864. APS-C ya Sony na Nikon ni kama 23.5 kwa 15.6, eneo 367. Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13, eneo 225. Sensa ya inchi 1 ni 13.2 kwa 8.8, eneo 116.

Kwa hiyo fulu fremu inakusanya mwanga mara 2.4 ya APS-C, stopu 1 na robo hivi. Dhidi ya Micro Four Thirds ni karibu stopu 2. Dhidi ya inchi 1 inakaribia 3.

Lakini mara nyingi watu wanasahau kina cha fokasi, yaani umbali wa mbele hadi nyuma unaotoka mkali. Ukipiga safu mbili za wanafamilia na unataka wote wawe wakali, fulu fremu utaibana hadi f/4 ambapo APS-C ingetosha na f/2.8. Kwa f/4 na f/2.8 hizo mwanga wote uliokusanywa ni karibu sawa, na faida ya sensa kubwa imeyeyuka. Faida ipo pale unapoweza kufungua tundu.

#8 Mama Lenzi

Nyongeza kuhusu ngozi, kwa sababu majaribio mengi ya mtandaoni yanapima kadi ya kijivu na kuishia hapo.

Ngozi nyeusi kwenye picha iliyopimwa sawasawa inakaa stopu 1 hadi 2 chini ya kijivu cha kadi. Shela jeupe linakaa kama stopu 2 juu yake. Ukiiachia kamera ipime fremu nzima huku bibi harusi amejaa kwenye picha, inaliogopa shela, inashusha mwanga, na uso unazama zaidi. Kisha mhariri anauinua stopu 2. Picha iliyopigwa ISO 3200 kwa njia hiyo ina chenga za ISO 12800 usoni, hata kama namba kwenye faili inasema 3200.

Kwa hiyo chenga zihukumiwe usoni, upande wa kivuli, chini ya taya. Pima mwanga kwa nukta (eneo dogo tu la fremu) usoni, ukubali sehemu ndogo ya shela iungue kidogo kama ni lazima, na uiangalie histogramu ya chaneli tatu, kwa sababu nyekundu ndiyo inaungua kwanza kwenye ngozi chini ya taa za njano.

Taa za njano zina mtego mwingine. Balbu ya kelvini 2700 hadi 3000 ina bluu kidogo sana. Kamera ikisawazisha weupe inaikuza chaneli ya bluu mara 2 hadi 3 kutegemea modeli, na chenga za bluu zinakua nayo. Kamera ileile, ISO ileile, mchana kwenye kivuli cha mwembe itaonekana safi na usiku kwenye balbu itaonekana chafu. Anayekuonyesha sampuli ya ISO 6400 ya mchana hajakuonyesha mwanga hafifu.

#9 shela_na_suti

Ile fremu ya pili ni ya nini?

#10 Kadi ya Kijivu

Ya kupata namba, dada, badala ya kubishana kwa macho.

Fungua RAW zote mbili za hatua moja kwenye RawTherapee, wasifu wa Neutral, toa TIFF. Ziweke kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kama tabaka mbili. Tabaka la juu lipe modi ya Grain extract. Hiyo inatoa tofauti ya picha mbili na kuiweka juu ya kijivu cha kati, kwa hiyo vumbi, kivuli cha kona na madoa ya kudumu vyote vinafutika, inabaki mitikisiko peke yake. Unganisha matabaka, chagua eneo la kadi ya kijivu, nenda Colors, Info, Histogram. Soma mkengeuko sanifu, ugawe kwa 1.414 kwa sababu umechanganya chenga za fremu mbili. Ukitaka uwiano, chukua wastani wa eneo hilohilo kwenye picha ya kawaida, ugawe kwa namba uliyopata. Rudia kwenye kitambaa cheusi.

Mambo matatu yanaharibu kipimo hiki. Mwanga wa taa kubadilika kati ya fremu mbili: wastani wa kadi ukitofautiana, tupa jozi hiyo. Stendi kusogea: utaona kingo za herufi kwenye tofauti. Na kulinganisha kamera mbili kabla ya kuzishusha ukubwa sawa, hilo limeshasemwa.

Wasiotaka kazi hii waangalie tovuti ya PhotonsToPhotos, kuna grafu za kamera nyingi. Kwenye grafu za Sony A7 III mtaona mstari unaruka juu kwenye ISO 640. Hapo sensa inabadilisha mzunguko wake wa ndani na kupunguza chenga za kusoma. Maana yake kwa mpigaji: ukiwa gizani usikae ISO 500 ukitegemea kuinua baadaye, panda 640. Kutoka hapo kwenda juu, kuinua kwenye programu na kupandisha ISO kwenye kamera matokeo yanakaribiana, na ISO ya chini inakuachia nafasi ya kuokoa taa na shela.

#11 Mvita Studio

Salaam kutoka Mombasa. Niongeze la wanunuzi wa kamera za mkono wa pili, ambalo linapimika dukani kwa dakika tano.

Funika lenzi kwa kifuniko. Upunguzaji wa chenga wa shata ndefu uzimwe. Piga 1/60, sekunde 1, na sekunde 30, zote ISO 800. Kwenye fremu ya sekunde 30 nukta za rangi zitakuwepo, hilo ni kawaida. Zikionekana kwenye 1/60, hizo utaziona kwenye kila picha na kila video. Olympus na Panasonic wana amri ya kusawazisha pikseli kwenye menyu, ijaribuni kabla ya kuiacha kamera.

Kisha piga 1/4000 ISO 6400, bado imefunikwa, fungua RAW uinue stopu 4. Punje zilizotawanyika si tatizo. Mistari ya kulala au kusimama ni tatizo, jicho linaikamata haraka kuliko punje na programu za kusafisha zinaiacha. Sensa za Canon za kizazi cha 5D Mark II, ya 2008, zinajulikana kwa mistari hiyo vivuli vikiinuliwa sana. Kwa picha yenye mwanga wa kutosha hazina neno.

Pia muizingatie joto. Mkondo wa giza ndani ya sensa (umeme unaovuja hata bila mwanga) unaongezeka maradufu kwa kila nyuzi 6 hadi 8 za selisiasi. Kwa joto la pwani, kamera iliyorekodi video nusu saa ikipimwa kwa shata ndefu palepale itaonekana mbovu kuliko ilivyo. Zimeni kwanza ipoe. Kwa shata ya 1/50 joto hilo halina athari ya maana.

Na shata ya kielektroniki, epukeni kwenye majaribio haya. Chini ya LED za jukwaani inachora mistari mipana ya giza, na baadhi ya modeli zinashusha RAW kutoka biti 14 hadi 12 ukiitumia.

#12 simu_tu

Na sisi wa simu? Yangu imeandikwa megapikseli 48 lakini picha inatoka 12.

#13 Stopu Tatu

Hiyo ni kawaida. Sensa kama Sony IMX586 ya 2018 ina pikseli za maikromita 0.8 zilizopangwa nne nne chini ya rangi moja. Gizani zinaunganishwa kuwa pikseli moja ya 1.6. Usiilazimishe 48 usiku.

Hali ya usiku inapiga fremu nyingi na kuzichanganya. Fremu 4 zinapunguza chenga kwa nusu, 16 zinazipunguza hadi robo. Kwa hiyo usiipime kwa chungu cha maua, pima kwa mtu anayepunga mkono. Simu nzuri inauacha mkono na chenga zake na kusafisha ukuta. Isiyo nzuri inatoa vidole viwili viwili.

#14 shela_na_suti

Basi kwa kumalizia swali langu: nina APS-C na lenzi ya milimita 18-55. Nibadili bodi (kamera yenyewe) niende fulu fremu?

#15 Kadi ya Kijivu

Lenzi kwanza. 18-55 ikifika 55 ina f/5.6. Lenzi ya 50 ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya hiyo, stopu 3 na theluthi. Picha iliyohitaji ISO 6400 sasa inatosha na 640. Kubadili bodi kungekupa stopu 1 na robo kwa pesa nyingi zaidi.

Ila jua kipimo chake: kwa mita 2, f/1.8 kwenye APS-C inakupa kina cha fokasi cha sentimita 11 hivi. Mtu mmoja anaingia. Bwana na bibi harusi wakisimama bega kwa bega wakikutazama wanaingia, mmoja akirudi hatua nyuma hayumo. Hapo bana f/2.8, upate kama sentimita 18, na ISO ipande hadi 1600.

#16 Mama Lenzi

Na kwenye APS-C hiyo 50 ni ndefu, ukumbi ukiwa mdogo utagonga ukuta. Tafuta ya 35 ya f/1.8. Ijaribu kwenye ile kanga, kwa f/1.8 na kwa f/2.8, kona na katikati. Lenzi ikiwa laini sana kwenye f/1.8 utaongeza ukali kwenye programu, na chenga ulizoziepuka zitarudi.